Simu Iliyojaa

Siku mtoto wangu alipotembea mara ya kwanza, hatua nne, kutoka kwenye kiti cha susu wake mpaka kwenye ndoo ya maji, simu ilikuwa mkononi mwangu. Niliielekeza, nikabonyeza, ikaniandikia kwamba nafasi imejaa. Mtoto akaanguka kwa makalio, akatucheka. Mama yangu, ambaye ndiye huyo susu, alinitazama kama mtu aliyeuziwa redio isiyosema.

"Si ufute kitu," akasema.

"Siwezi, mwaitu."

"Huwezi kwa nini? Si ni yako?"

Ilikuwa yangu. Niliinunua kwa jasho langu kabla sijawa mama wa mtu. Lakini kwa karibu miaka miwili sikuruhusiwa kufuta humo hata ua moja, yale maua ya kutakiana asubuhi njema ambayo wamama wa kanisa hutumiana kila siku kabla kuku hawajashuka. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo. Nina fahari nalo pia, na nimechoka kuulizwa ni kipi kati ya hivyo viwili. Ni vyote.

Kesi yangu ilianza kwa neno moja, kutoroka. Nilikuwa nimefanya kazi misimu mitatu katika kiwanda cha kusindika maembe, mbele kidogo ya Kyumbi. Nilikuwa kwenye mkanda. Maembe yanapita mbele yako, unatoa yaliyooza, unatoa yaliyochubuka, mengine unayaacha yaende kukamuliwa. Ukisikia hivyo utafikiri ni kazi ya mtu yeyote. Simama hapo kwa saa tisa mfululizo uone. Mimi nilikuwa natambua embe lenye funza kwa kuligusa tu, bila kulipasua, na hata msimamizi wetu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alikuwa akileta wageni kuniangalia. Sikuwahi kukosa siku. Mvua iliponyesha na barabara ya kwetu ikawa tope, nilivua viatu nikafika.

Getini kulikuwa na ubao mkubwa wenye mifuko midogo ya turubai, kila mfuko na namba yake. Ukifika asubuhi unampa askari simu yako, anaitia kwenye mfuko wako, anaandika namba na saa katika kitabu, ndipo unapita. Walituambia ni ili simu zisianguke kwenye maembe. Sisi tulijua hawakutaka picha za huko ndani zitoke nje. Yangu ilikuwa namba thelathini na moja. Tulizoea hata tukawa tunaitana hivyo. "Thelathini na moja, nipe chumvi." Ukiona mfuko wa mtu umevimba, mtu yuko kazini. Ukiwa mtupu, hayuko. Kila mmoja alikuwa na wake, na mfuko haukupewa mtu mwingine mpaka mwenyewe aondoke kabisa.

Basi nikapata mimba. Baba ya mtoto alichukua njia yake na hataingia katika maneno haya. Nilifanya kazi mpaka mwezi wa sita wa mimba, nimefunga leso chini ya koti la kazi. Siku moja jioni nikiwa napika isyo, mahindi na maharagwe, sauti aliyoirekodi msimamizi ikaingia kwenye simu. Ilikuwa fupi. Naikumbuka yote.

"Sikiza mama. Hiyo tumbo sasa inaonekana mpaka barabarani. Kesho usikuje. Enda uzae, ukimaliza tutaona. Na usilete maneno, hapa si kliniki."

Kesho yake nilienda. Nilikuwa getini kabla ya saa moja, nimeoga, nimebeba chakula changu. Askari alikuwa mzee wa kwetu kwetu, aliyekuwa akinisalimia kila siku. Siku hiyo nilimpa simu, akaweka mikono nyuma.

"Thelathini na moja imepewa mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Mama, mimi ni wa geti tu."

"Na mimi ni wa wapi?"

Alifungua kitabu chake, akapiga mstari juu ya kitu. Nikaona mwanamke mwingine, mgeni, akitoa simu yake ikatiwa kwenye mfuko wangu. Nikaenda kukaa kwenye jiwe kando ya ua wa kiwanda, nikaandikia dada yangu mkubwa ambaye ameolewa Makueni.

Niliyoandika siku hiyo ndiyo yaliyonifanya nikose usingizi baadaye, kwa hivyo ni heri niyaseme sasa. Nilimwandikia kwamba simtaki huyu mtoto. Kwamba ameniharibia kazi kabla hata hajafika. Kwamba naomba mimba itoke yenyewe, leo, hapa kwenye jiwe. Sikuandika mara moja. Niliandika, nikalia, nikaandika tena. Dada yangu alijibu maneno machache tu: "Kula hicho chakula ulichobeba. Nakuja Jumamosi." Na alikuja.

Mtoto alipofika miezi minne nilimfunga mgongoni nikarudi kiwandani, kwa sababu yule bwana alikuwa amesema nikimaliza tutaona. Nilikuwa nimemaliza. Walinipa barua. Ilisema kwamba mimi, kwa hiari yangu, nilitoroka kazi tarehe fulani na sikuonekana tena.

Kutoroka. Mimi niliyevua viatu kwenye tope.

Mtu ambaye hajafanya kazi za viwanda hataelewa neno hilo lina uzito gani. Kutoka Athi River mpaka Lukenya, wasimamizi wanajuana, wanapigiana simu. Ukiitwa mtoro mahali pamoja, umeitwa kote. Nilijaribu viwili baada ya hapo. Kwa cha pili yule mama wa kuandika watu alikuwa ameshanipa aproni, akaenda kupiga simu, akarudi akanyoosha mkono nimrudishie. Nilikuwa na mtoto, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na nilikuwa na jina la mtoro. Nilitaka neno hilo litolewe. Hicho ndicho nilichoendea kortini, na mtu akikuambia nilienda kutafuta kitu kingine, mwambie aje aniulize.

Wakili niliyempata alikuwa mwanamke mwenye ofisi ndogo mjini Machakos, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo faili zake zote zilinuka dawa ya kupe. Alisikiliza sauti ya msimamizi mara tatu. Halafu akaweka simu mezani polepole, kama yai.

"Kuanzia leo," akasema, "usifute chochote humu. Usiuze hii simu, usimwazime mtu, usipeleke kwa fundi. Ikizima, niambie mimi kwanza."

"Chochote, chochote?"

"Chochote."

"Hata maua ya wamama wa kanisa?"

"Hata maua. Ukianza kuchagua, watauliza ulichagua nini kingine."

Alinieleza kwa upole kwamba ukishajua kuna kesi, vitu vinavyohusu kesi havifanyiwi utakavyo tena. Unavitunza, hata vile visivyokupendeza. Akaniambia amewaandikia kampuni pia, siku hiyo hiyo, watunze kitabu cha geti, kwa sababu ndani yake kuna ule mstari niliouona ukipigwa. Nilimwuliza kama watatunza. Akasema sheria ni moja kwao na kwangu. Nikamwamini, nikarudi nyumbani nikiwa nimejiona mtu.

Lakini simu yangu ilikuwa ndogo, na ilikuwa imejaa tangu zamani. Kila siku ilikuwa inaniambia nifute kitu. Nikaiweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati, nikaanza kutumia kabambe ya mama, ile simu ndogo ya vitufe. Meno ya kwanza ya mtoto, hakuna picha. Hatua za kwanza, nikaitoa kwenye mkebe mbio, hakuna. Alipokunywa uji kwa kikombe peke yake akajimwagia wote, hakuna. Wenzangu walioanza kuzaa wakati mmoja na mimi wana picha nyingi za watoto wao kuliko nyasi. Mimi nina mazishi ya mjomba wa mwenyekiti wa kwaya, picha kumi na saba, kwa sababu ya korti.

Halafu barua ya kampuni ikaja. Wakili aliniita ofisini, akanisomea. Walisema sauti ile imetengenezwa. Msimamizi alisema si yake. Wakasema, ili ukweli ujulikane, wapewe simu nzima, kila mazungumzo na kila picha, tangu nilipoanza kazi kwao.

"Nzima?" nikauliza.

"Ndivyo wanavyoomba."

"Na kitabu chao cha geti?"

Akageuza karatasi. "Wanasema kililiwa na mchwa."

Nilicheka. Sikuwa nafurahi. Nilicheka mpaka muuza mbegu akapanda ngazi kuangalia kama kuna mtu amepagawa. Kisha nikakumbuka lile jiwe kando ya ua, na kicheko kikaisha.

Humo ndani kulikuwa na picha nilizomtumia nesi, ziwa langu likiwa limevimba usaha. Kulikuwa na tumbo langu kwenye kioo, bila nguo. Na kulikuwa na yale maneno kwa dada yangu. Niliona kichwani wanaume watatu wa kampuni wameketi, wanapitishiana. Nikamwambia wakili wanataka kunivua nguo mbele ya watu. Akasema ndiyo, wakati mwingine watu huomba vyote ili uogope uiache kesi, na kwamba tutapinga, lakini hakimu ndiye ataamua. Sikumwambia kuhusu maneno ya jiwe. Nilimwona kama mtu msafi sana wa kuambiwa.

Nilimwambia mama. Tulikuwa tunachambua nzuu, zile mbaazi mbichi za msimu, mtoto anatuibia moja moja. Nilimwambia yote na nilichoandika. Hakuinua kichwa.

"Na huyu akija kusikia?" akasema.

"Ndiyo hiyo, mwaitu."

"Yuko shule, mtoto mwingine anamwambia, mama yako hakukutaka, ilisomwa kortini."

"Ndiyo hiyo nimesema."

Akachambua mbili tatu zaidi. "Mimi pia nilisema maneno kama hayo juu yako," akasema. "Ule mwaka wa njaa. Lakini mimi niliyasema shambani. Shamba haliweki."

Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Mama yangu ni mtu wa Katoliki, wa jumuiya, ameshika rozari tangu kabla sijazaliwa, na huwa anasema hajui simu. Wiki hiyo siku ya soko nilienda kuchuma mishiri, maharagwe mabichi ya maganda, katika shamba la mtu. Niliporudi alikuwa ananingoja kwenye njia, mtoto mgongoni, uso umeng'aa.

"Nimekusaidia, mwiitu wakwa, binti yangu," akasema.

Alikuwa amechukua simu kwenye mkebe, ameenda nayo Kangundo kwa fundi. Simu ilikuwa imefungwa kwa mchoro wa kidole, lakini huyu asiyejua simu alikuwa ameuona mchoro wangu mara mia na akamchorea fundi mwenyewe. Hakumwambia afute vyote. Alimwambia amtafutie mahali naongea na dada yangu, atoe hapo tu, ile sauti ya mwanaume asiiguse. Fundi akatoa. Hata alitaka kumwongezea nafasi kwa kutoa maua, mama akamkataza. Maua ni ya kanisa.

Nilifungua simu palepale njiani. Sauti ya msimamizi ilikuwepo. Picha za ziwa lililovimba zilikuwepo. Dada yangu hakuwepo. Mahali pake palikuwa peupe.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Nilihisi kama mtu amenishushia mtungi kichwani. Nilimkumbatia mama na mtoto pamoja, tukapika, tukala, nikalala vizuri, na kesho yake asubuhi nikifagia kiwanja nikasikia kichwani neno mchwa. Nikaendelea kufagia. Likarudi. Nilifagia mpaka mahali pasipohitaji kufagiwa. Kuna kampuni imepoteza kitabu kilichowaumiza, nikawacheka mpaka watu wakapanda ngazi. Sasa mimi nimepoteza kilichoniumiza. Tofauti yangu na wao ilikuwa nini, kwamba mchwa wangu anajua kusali?

Nikampigia dada yangu kwa kabambe.

"Mwaitu ameshaniambia," akasema. "Nifute na hapa kwangu, iishe kabisa?"

Maana maneno ya simu ni kama kuku aliyetaga nyumba mbili. Kwangu yalikuwa yametoka, kwake yalikuwa yamekaa. Kidole kimoja cha dada yangu, na hakuna mtu duniani angeyaona tena.

"Usifute," nikasema.

"Uko na akili?"

"Sina. Usifute."

"Hata sijui unataka nini, wewe."

"Nataka nisiitwe mtoro. Sasa nikitoroka hii?"

Akasema atakuja na simu yake, na kwamba mimi tangu utotoni nilikuwa mtu wa kujichoma nione kama moto ni moto.

Mama hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Basi twende wote."

Ofisi ya wakili haikutosha. Mimi, mama, dada yangu, mtoto, na zile faili za dawa ya kupe. Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Fundi, mchoro, Kangundo. Wakili alivua miwani.

"Ungenyamaza," akasema, "nani angejua?"

"Hakuna."

"Mbona hukunyamaza?"

"Kwa sababu wao wanasema mchwa."

Akanyoosha mkono, dada yangu akampa simu. Akasoma kutoka siku ile, kimya, midomo ikitembea kidogo. Nilitazama ukuta. Kulikuwa na kalenda yenye ng'ombe wa maziwa na nilihesabu madoa yake yote. Aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hii umesoma mwenyewe tangu wakati huo?"

"Sijathubutu."

Akaniwekea kidole juu ya mstari wa kwanza, kabla ya yale mengine yote. Nilikuwa nimeandika: "Askari amekataa simu yangu. Thelathini na moja wamepewa mtu mwingine." Chini yake saa. Saa moja kasoro dakika kumi, asubuhi ya siku wanayosema nilitoroka.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Machozi yalikuwa yamefunika mstari huo kichwani mwangu, nikabaki kukumbuka aibu peke yake.

Siku ya korti nilivaa rinda la kanisani. Mama alivaa la jumuiya. Wakili wa kampuni alikuwa kijana wa Nairobi mwenye viatu vyenye ncha, na alisimama kwanza kuomba simu nzima. Alipomaliza, wakili wangu alisimama akasema jambo ambalo naona hata yule kijana hakulitegemea. Alisema sehemu moja ya simu ya mteja wake ilifutwa baada ya kesi kuanza, akaeleza nani na wapi, akasema nakala ipo na ameileta.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Akataka kumwona aliyefuta. Mama yangu akasimama. Alizungumza Kikamba, karani akitafsiri.

"Ni wewe ulifuta?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Uliambiwa na binti yako?"

"Hapana. Yeye aliniambia isiguswe. Nilimwibia." Kisha, kabla karani hajamaliza, akaongeza kitu, na wote waliojua Kikamba wakaanza kucheka, karani naye. Hakimu akangoja. Karani akajikaza akatafsiri: "Anasema, kwao ni mchwa, kwetu ni yeye."

Hakimu hakucheka, ila alishika kalamu karibu na mdomo. Alimwonya mama, kwa maneno mazito, kwamba asirudie, na mama akasema hatarudia. Halafu akageukia upande wa pili, akauliza hao mchwa walikula kitabu lini, kabla au baada ya barua ya kuwaambia wakitunze. Kijana wa viatu akasema atauliza. Akaulizwa tena wiki nyingine, na nyingine. Mpaka leo nadhani anauliza.

Kuhusu simu, hakimu alikataa. Nakumbuka alivyosema, kwamba mtu akija kortini kudai haki yake haachi ngozi yake mlangoni. Angesoma mwenyewe mazungumzo ya siku ile, ofisini kwake, mawakili wote wawili wakiwepo, na kitakachotoka ni kile tu kinachohusu kazi. Nesi, kioo, kanisa, vyote vibaki vyangu. Walikaa humo muda wa kutosha mtoto kulala na kuamka. Nilimshikilia mapajani. Nilijua sasa hivi watu watatu wanasoma kwamba sikumtaka, na yeye anatafuna kona ya leso yangu. Sijawahi kumshika mtu kwa nguvu kama nilivyomshika.

Walipotoka, nilipewa karatasi nikapanda kizimbani. Sentensi mbili zilikuwa wazi. Chini yake wino mweusi, mstari juu ya mstari, kama shamba lililolimwa. Nikasoma kwa sauti.

"Askari amekataa simu yangu. Thelathini na moja wamepewa mtu mwingine."

Kijana wa viatu akasimama kuniuliza maswali. Akaniuliza kama nilikuwa na furaha na ujauzito wangu wakati huo. Wakili wangu alikuwa bado anainuka wakati hakimu aliposema.

"Wakili, hayo yaliyofunikwa nimeyasoma mimi. Hayahusu maembe. Endelea na lingine."

Akafunga faili, akaketi.

Msimamizi alipopanda, wakili wangu alimwuliza maswali mawili ambayo nitazeeka nayo. Akamwuliza, mfuko wa thelathini na moja ulipewa mtu mwingine lini. Akajibu haraka, siku hiyo hiyo asubuhi, kwa sababu mwenyewe hakutokea. Akamwuliza, sasa mtu aliyelala nyumbani kwao angejuaje, kabla ya saa moja asubuhi, kwamba mfuko wake umepewa mtu, na simu za waliomo ndani zote ziko ubaoni? Yule bwana alitazama dari ya korti ya Machakos kama anayetafuta uvujaji.

Hukumu ilikuja baada ya miezi. Ilisema sikutoroka, nilifukuzwa, na sababu ilikuwa mimba. Ilisema mengine pia, na watu hupenda kuniuliza hayo mengine. Mimi nilichotaka ni ile sentensi. Nilienda na nakala yake mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka kwa yule mama aliyeninyang'anya aproni. Alisoma, akasoma tena, akaingia ndani akatoka na aproni. Leo ninaposimama kwenye mkanda wa mtu sijifichi tumbo wala jina.

Mama ameitundika nakala nyingine ukutani, karibu na kalenda ya parokia. Hajui kusoma Kiingereza cha korti, lakini akija mgeni humwonyesha mahali jina langu lilipo, kwa kidole, kama anavyowaonyesha mtoto wa kipaimara kwenye picha ya pamoja.

Kuna wanaoniambia sasa nimeandika hapa yale yale niliyopigania yasisomwe. Nimeyaandika, ndiyo. Mtu akikuvua nguo na wewe ukivua mwenyewe ukaoge, je, ni kitu kimoja? Walitaka kunipora. Mimi natoa. Na natoa kwa sababu kuna mtu wa miaka minne nyumbani kwetu ambaye siku moja atakuwa na umri wa kuelewa, na nataka aje kwangu aulize, nimweleze kwamba siku niliyosema simtaki ndiyo siku niliyosema ukweli mwingine uliotuokoa sote wawili, na kwamba ilikuwa pumzi moja, jiwe moja. Halafu nitamwambia nilikula chakula changu, kama dada yangu alivyoniambia, na yeye akapiga teke.

Siku wakili alipopiga kuniambia simu sasa ni yangu kabisa, nilikaa mlangoni mchana kutwa nikifuta. Mazishi ya mjomba wa mwenyekiti, kwaheri. Maua yote, mamia, kwaheri. Mtoto alikuwa anamfukuza kuku kiwanjani, nikainua simu, nikabonyeza, ikakubali. Picha imetoka vibaya, kuku ana kichwa, mtoto hana. Sijaifuta.

Dada yangu alinitumia tena yale mazungumzo ya siku ile, yote, nikayaweka. Mama alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umefuta?" akauliza.

"Nimefuta maua."

"Na ile?"

"Ile iko, mwaitu. Ni yangu."

Akaniambia nibadilishe mchoro wa kufungua, kwa sababu huu anaujua.